Ngoma Tumeizika, Kisu Tumekibakiza

Vijana wenzangu, safari hii sikuleta hadithi. Nimeleta ugomvi. Nitaanza na watu wa kwetu Singida, halafu nitakuja kwenu nyinyi mnaosoma haya mkiwa Sinza, Mbagala au Kariakoo, maana nanyi mmo.

Mwaka jana kata yetu ilipata mgeni rasmi. Kina mama wa ngoma waliitwa uwanjani saa mbili asubuhi, wakasimama juani mpaka saa nane mchana, ndipo msafara ukaingia na vumbi lake. Mshereheshaji akashika kipaza sauti akatangaza kwamba sasa tutaona utamaduni wetu wa asili. Wakacheza dakika nne. Mgeni akatikisa kichwa, akarusha mguu mara mbili, wapiga picha wakapata walichotaka, hotuba zikaanza. Kina mama wakapewa soda moja moja na shilingi elfu mbili za nauli. Basi. Utamaduni ukafungwa mpaka mgeni mwingine aje.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa amekaa karibu nami juu ya jiwe. Macho yake siku hizi hayaoni mbali, lakini masikio yako sawa. Wimbo ulipoanza akanishika mkono. "Mke mwenzangu, huo si wimbo wa mwali?" Nikamwambia sijui, bibi. Akasikiliza tena, kisha akacheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Ulikuwa wimbo wa kumtoa mwali ndani. Mahali pa jina la mwali walikuwa wamepachika jina la mgeni rasmi.

Nimekaa na jambo hilo mwaka mzima. Leo nalisema. Watu wa kwetu tulikuwa na unyago wenye vitu viwili vilivyokwenda pamoja: mafunzo na kisu. Tulipoambiwa tuwe watu wa kisasa tulitakiwa tuchague kipi kibaki na kipi kiondoke. Tukachagua kinyume. Mafunzo, nyimbo, ususi na sherehe tumevitupa, au tumevipeleka uwanjani kumpamba mgeni. Kisu tumekificha ndani ya nyumba, na kinafanya kazi hadi leo.

Msidhani natia chumvi. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba hapa Singida wanawake 31 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10 katika kila 100. Kitaifa hesabu inashuka. Mwaka 2022 ilifika 8. Nafurahi kwamba inashuka. Lakini hesabu hiyo haiwezi kukuambia jinsi jambo lenyewe lilivyobadilika, na hapo ndipo penye kidonda.

Nitawaeleza kwa nyumba yetu, kwa sababu nyumba yetu ndiyo ninayoijua.

Bibi alitolewa mwali akiwa msichana mkubwa, baada ya mavuno ya mtama. Kwa masimulizi yake, walikaa ndani wiki nyingi, wasichana wa rika moja. Walifundishwa kuwaheshimu wakwe bila kujidhalilisha. Walifundishwa mizizi ya tumbo na mizizi ya homa, na namna ya kusaga unga wa kutosha wageni bila kumaliza ghala. Humo humo ndani alisuka kitunga chake cha kwanza, na bibi mkubwa aliyekuwa akiwafunda alikifumua mara tatu mpaka kikakaa sawa. Siku ya kutoka kijiji kizima kilicheza. Na kisu kilikuwapo. Bibi hafichi. Anasema walilia, na mmoja wao hakupona.

Mama alizaliwa katika miaka ya Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, watu walipohamishwa kutoka kwenye matembe yao ya zamani na kupangwa kwa mistari. Zamu yake ilipofika mafunzo yalikuwa yamebaki wiki moja, kwa sababu shule zilikuwa zinafungua. Anakumbuka nyimbo tatu. Ususi hakufundishwa, muda haukutosha. Kisu muda wake ulipatikana.

Mimi nimezaliwa mwaka 2000. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ilikuwa imepitishwa mwaka 1998, inayosema mtu akimkeketa msichana chini ya miaka 18 anaweza kufungwa kati ya miaka 5 na 15. Sheria nzuri. Lakini watu wa kwetu wakaisoma kwa namna yao: msichana mkubwa anaweza kusema, mtoto mchanga hawezi. Nilipokuwa kidato cha tatu alikuja muuguzi akatusemesha wasichana peke yetu darasani. Usiku ule nikamuuliza mama. Alikuwa anachambua dengu, hakuinua uso. "Ulikuwa na lawalawa," akasema. Nilikuwa na miezi miwili.

Kwa msiojua, lawalawa ni jina tunalolipa muwasho na maambukizi ya sehemu za siri za mtoto wa kike. Yanatibika kwa maji safi, sabuni na dawa ya zahanati. Lakini huku Singida na kwa ndugu zetu wa Dodoma ilienea imani kwamba ni hasira za mizimu iliyoachwa, na dawa yake ni kumkata mtoto. Mama hakunitendea ubaya kwa kutaka. Aliambiwa nitakufa. Angefanya nini, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, na wakubwa wote wamemzunguka?

Sasa hesabuni wenyewe. Bibi alipata ngoma na kisu. Mama alipata robo ya ngoma na kisu kizima. Mimi nilipata kisu peke yake. Hakuna aliyeniimbia. Hakuna aliyenifunda. Sikujifunza kusuka hata mfuniko wa chungu. Kinyaturu changu ni cha kuokoteza. Nasikia bibi anaimba na nusu ya maneno yananipita kama basi la mkoani lisilosimama. Halafu mtu anasimama na kipaza sauti ananiambia tudumishe utamaduni wetu. Upi?

Najua wazee watanijibu kwa methali wanayoipenda: mwacha mila ni mtumwa. Shikamooni wazee wangu, nami nauliza kwa heshima. Mtu anayemkata mtoto usiku, mlango umefungwa na redio imefunguliwa kwa sauti kubwa ili jirani asisikie kilio, huyo ni mtu huru? Mnasema mila haibadiliki, ukitoa kitu kimoja zote zinaanguka. Mbona nyinyi wenyewe mmeshaibadilisha? Mmeitoa kwa msichana wa miaka kumi na minne mkaishusha kwa mtoto wa miezi miwili. Mmeitoa mchana mkaiingiza usiku. Mmeondoa wiki za kukaa ndani, mmeondoa mwalimu, mmeondoa karamu. Wembe wa dukani umechukua nafasi ya kisu cha mhunzi. Yote hayo yameondoka na mbingu hazikuanguka. Kimebaki kitu kimoja tu, na hicho ndicho mnachosema hakigusiki. Na mtoto wa miezi miwili, nisaidieni, anafundwa nini?

Upande wa pili wapo waliostaarabika, nao siwaachi. Kuna mhubiri mmoja alipita kwetu miaka michache nyuma, akahimiza watu walete shanga, vibuyu na vitunga vya unyago vichomwe moto. Watu wakaleta. Jirani yetu alileta kibuyu chenye shanga alichoachiwa na mama yake. Moto ukawaka, watu wakashangilia. Hakuna aliyeuliza habari za watoto wachanga. Hakuna aliyesema leteni nyembe. Kibuyu kimemkosea nani?

Nao wale wa semina ni walewale. Wanakuja na fulana zilizoandikwa, wanakaa siku mbili, wanatuambia mila zetu ni potofu. Zote? Bibi akisikia neno hilo anafunga sikio, na akishafunga hasikii tena hata lile la kweli ulilokuja nalo. Ukimwambia mtu kwamba kila alichofundishwa na mama yake ni uchafu, atakishika chote kwa mikono miwili, na kisu kikiwamo.

Lakini mbona wapo waliopambanua? Mwaka 1996, huko Tharaka nchini Kenya, kina mama wa Maendeleo ya Wanawake walishirikiana na familia wakaanzisha jambo walilolipa jina la Kitharaka, Ntanira na Mugambo, yaani tohara ya maneno. Wasichana waliingia ndani kama zamani. Wakafundwa. Wakapewa zawadi. Siku ya kutoka watu wakala na kucheza, na msichana akahesabiwa kuwa mtu mzima. Kisu hakikuwapo. Jambo hilo likaigwa sehemu nyingine za Kenya na hata huku kwetu Tanzania. Silisemi kama dawa ya kila mahali. Kwetu ambako anakatwa mtoto mchanga pana ugumu wake, na lazima lianze kwa mama mzazi na zahanati. Lakini linavunja ile hoja kwamba ukiondoa kisu ngoma inakufa. Pale kisu kiliondoka na ngoma ikapiga.

Na wanaosema ngoma zimepitwa na wakati waende Bujora, karibu na Mwanza. Kila mwaka mwezi Juni Wasukuma wana sherehe ya Bulabo. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinashindana nani atavuta watu wengi, na ushindani huo ni wa tangu zamani za mababu. Mtu anafuga fisi, mwingine anacheza na chatu, mwingine anatunga wimbo wa kumtukana mpinzani, ilimradi upande wa pili ubaki mtupu. Bulabo ipo kwa sababu watu wanakwenda kushindana wao kwa wao, na wasipokwenda wanaona aibu. Kwetu tunacheza tukiitwa. Ngoma inayosubiri kuitwa ni ngoma ya mfungwa.

Ufundi nao ni vivyo hivyo. Kule Ziwa Eyasi, mpakani na wilaya yetu ya Mkalama, wahunzi wa Kidatoga wanageuza misumari kuwa ncha za mishale na kuwapatia Wahadzabe, nao Wahadzabe wanalipa kwa asali. Watalii wanakuja kupiga picha, ndiyo, lakini mshale ule unakwenda kuwinda. Ufundi ule una kazi, ndiyo maana mtoto wa mhunzi bado anajifunza.

Kapu la bibi yangu lina kazi gani? Zamani lilibeba unga kwa wakwe. Sasa unga unabebwa kwa ndoo ya plastiki. Bibi anakata majani bondeni, anayakausha, anayachemsha kwenye rangi, anasuka wiki mbili kapu moja kwa kupapasa, maana macho yamechoka. Mwaka juzi akaja mchuuzi kutoka mjini akalichukua kwa shilingi elfu nane. Nilipokwenda Dar es Salaam kumtembelea shangazi nililiona kapu la namna ileile katika duka moja la zawadi, lina kijikaratasi chenye bei ya elfu arobaini na tano. Nikamuuliza muuzaji linatoka wapi. Akaniambia, "Ni la Kimasai, dada." La Kimasai! Nikamwambia ni la Singida, ni la Wanyaturu. Akasema wateja hawawajui hao, Wamasai wanawajua.

Hapo, waandishi wenzangu, ndipo zamu yenu ilipofika. Wateja hawatujui kwa sababu nani amewaambia? Walioandika juu ya Wanyaturu kwa kirefu ni wageni. Mmarekani Harold Schneider alitoa kitabu juu ya watu wa Wahi mwaka 1970, akahesabu mpaka ng'ombe wetu. Marguerite Jellicoe akafuata na chake mwaka 1978. Vyote viwili kwa Kiingereza. Siwalaumu, walifanya kazi yao, na pengine waliandika mambo ambayo sasa bibi yangu tu ndiye anayakumbuka. Lakini mimi mwenyewe sijawahi kuvishika mkononi vitabu hivyo vinavyohusu nyumba yetu. Na sisi je? Fungueni daftari zenu. Hadithi kumi zinazoletwa kwenye vijiwe vyetu vya uandishi, saba zina tajiri wa Masaki mwenye gari jeusi, mbili zina mpelelezi anayeruka ukuta, na moja ina kijijini, na huko kijijini kuna mchawi. Basi! Mwandishi anatoka Iramba, hajawahi kuingia Masaki, lakini anajua zulia la sebule ya Masaki lina rangi gani. Rangi ya kitunga cha mama yake haijui.

Nami nilikuwa hivyo hivyo. Riwaya yangu ya kwanza, ambayo ipo chini ya kitanda na itabaki huko, ilianzia hotelini. Hotelini, mimi! Niliona haya kuandika tembe. Niliogopa wenzangu wa mjini wangeniita mshamba.

Aniceti Kitereza hakuona haya. Alikuwa mtu wa Ukerewe. Aliandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945, na hakuna aliyetaka kuichapa kwa lugha hiyo. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ikatoka mwaka 1980, miaka thelathini na mitano baadaye, na mwaka uliofuata akafariki. Ndani yake wamo mume na mke wanaotafuta mtoto, na kwa kuwafuata hao wawili unajifunza watu walivyolima, walivyovua, walivyopika pombe, walivyoamkiana na wakwe. Hakuandika makumbusho. Aliandika ndoa, na ufundi wote ukaingia humo kwa sababu watu wale waliishi nao. Hiyo ndiyo kazi yetu. Hatuhitaji mgeni rasmi, wala soda.

Mtaniuliza, je, tuandike ngoma tamu tu tufiche kisu, ili tusiaibishe kabila? La. Nakataa kabisa. Anayeandika unyago kama bustani ya maua anadanganya, na yule msichana wa rika la bibi ambaye hakupona anamdai. Anayeandika kisu peke yake naye anadanganya, kwa sababu anamfanya bibi yangu kuwa mnyama, na bibi yangu si mnyama. Ni mwalimu aliyenyang'anywa darasa akaachiwa wembe. Andikeni vyote viwili katika ukurasa mmoja. Msomaji ataona mwenyewe lipi la kushika na lipi la kutupa.

Namaliza na jambo la mwezi wa tatu mwaka huu. Kaka yangu alipata mtoto wa kike. Alipofika wiki ya sita akaanza kulia kila akikojoa. Nikasikia neno jikoni: lawalawa. Jioni mama mmoja wa jirani akapita "kusalimia" tu, na kanga yake ameifunga kitu pembeni. Nikamwambia wifi, nipe mtoto. Akanitazama muda mrefu, halafu akanipa. Nilikodi bodaboda usiku mpaka zahanati, nikamwambia muuguzi alichonacho. Tukapewa dawa na maelezo ya usafi. Siku ya nane mtoto alikojoa ananitazama, hana habari na mtu.

Bibi alininunia siku hizo zote. Siku ya tisa akaniita. Alidhani nimewakataa wao wote, na kila walichokuwa nacho. Nikamwambia, bibi, nifundishe ule wimbo, ule walioupachika jina la mgeni. Akanyamaza. Akauliza wa nini, na mtoto hatakatwa. Nikamwambia wa huyo huyo mtoto, akifika umri wa kufundwa, aimbiwe kwa jina lake. Hakunijibu siku ile. Juma lililofuata akanitupia majani ya kusukia, akasema mikono yangu ni migumu kama ya mwanamume, nianze na kitako cha kapu.

Nimeshafumuliwa mara mbili. Wimbo nimeandika nusu, kwa Kinyaturu na kwa Kiswahili, na bibi ananisahihisha.

Nyinyi je, nyumbani kwenu nani anajua wimbo ambao hakuna aliyeuandika? Ana umri gani? Msiniambie mko bize. Na mzee, mhubiri, mtu wa semina au mwandishi wa Masaki aliyeudhika na maneno haya, karatasi na kalamu anavyo. Anijibu humu humu.